Dawa ya Meno kwenye Bolti

Kambini,
Jumatano, 3 Mei

Dada,

Hujambo? Usijibu, najua hujambo. Mwenye mdogo kama mimi hana sababu ya kuumwa. Shikamoo yako hii hapa, ndogo. Ile kubwa mpe Mama.

Naandika kwa kalamu kama karani kwa sababu Kocha alikusanya simu zetu siku ya kwanza akazifungia kabatini mpaka msimu wa mbio uishe. Anasema anayewaza simu hawazi kona. Basi barua zitapita kwa dereva wa lori la vipuri, yule anayesimama mbele ya duka lako la ushonaji kununua sigara. Mpe chai, asije akanisahau.

Sasa nikupe habari. Huku hakuna wa kunifikia. Kuna kona ya tatu, ndefu, inakata kushoto, inawatoa watu kamasi. Mimi nailalia mpaka goti linakwaruza lami. Suti ya ngozi uliyonishonea imeshaanza kulika gotini. Usinune, hiyo ni sifa yako pia.

Lakini wana sheria moja ya ajabu. Pikipiki za mbio hazina usukani wa kipande kimoja kama ile ya muuza maziwa wenu. Zina mikono miwili, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja umebanwa kwenye shokapu yake ya mbele kwa bolti. Fundi akifungua kitu, akirudisha hukaza nusu tu. Kumalizia si kazi yake, wala si kazi yako mwenye pikipiki. Anayemalizia ni mpinzani wako! Wewe unatolewa nje ya gereji, anaingia yule mnayegombania naye nafasi, anakaza, halafu ananing'inia kwenye kila mkono wa usukani kwa uzito wake wote kama anang'oa mti. Mkono ukishika bila kuzunguka, anachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye bolti mpaka kwenye kibano. Kuanzia hapo, kila asubuhi mnatazama mistari tu. Ikiwa mizima, mnapanda. Ukikatika, bolti imesogea. Kocha anasema ukimpa mpinzani wako roho yako aishike, mkikutana kwenye kona hamtaumizana. Maneno ya wazee hayo.

Mpinzani wangu ni baba mmoja mwembamba, tunamwita Kimya. Ana mtoto nyumbani, na hasemi. Ukimsalimia anainua nyusi. Vitanda vyetu vinatazamana, na nadhani hata ndoto zake hazina sauti.

Picha niliyoitia humu itazame vizuri. Nilitaka nionekane nimelala kama bingwa wa dunia, kwa hiyo kabla mpiga picha hajafika nililegeza bolti nikaishusha mikono ya usukani. Picha ikatoka, nikairudisha. Mistari ilikuwa imekatika, nikaichora upya kwa dawa ya meno. Imetokea nyeupe kuliko rangi yao, na inanukia. Hakuna aliyegundua. Akili hizi, Dada, sikuzipata shuleni, na ndiyo maana sikukaa huko.

Mimi,
Kimbunga, Tishio la Kona Zote


Dukani,
Jumatatu, 8 Mei

Mdogo wangu,

Kimbunga nani? Nimekubeba mgongoni ukilia kwa kuogopa bata. Bata, tena mmoja, tena alikuwa amefungwa.

Picha nimemwonyesha Mama. Akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu mtoto amepoteza nini hapo chini?" Nikamwambia ndivyo mabingwa wanavyokaa. Akasema basi mabingwa wana kazi ya kuumwa viuno.

Barua yako nimemsomea kwa sauti, ila habari za kona na goti nimezirusha. Tatizo ni kwamba ameanza kushtuka. Juzi kaniambia, "Karatasi zote hizo, halafu habari ni shikamoo tu?"

Sasa nisikilize, na ufunge mdomo wa moyoni pia. Pikipiki siijui. Lakini suti hiyo nilikupima ukiwa umeushika usukani ukiwa mahali pake pa juu, na kwenye picha mikono ya suti imekuvuta mpaka mabegani. Ulishusha kweli, hukushusha kidogo. Uliporudisha, nani alikaza? Nani alining'inia? Mimi mteja akinifumulisha mshono nimpunguzie kiuno kwa ajili ya picha ya harusi, nikimaliza naushona upya. Siubandiki kwa gundi nikamwambia nenda ukacheze.

Nijibu hilo kwanza. Majigambo yafuate.

Dada yako


Kambini,
Jumatatu, 15 Mei

Dada,

Hii usimsomee Mama hata salamu. Mwandiko umepinda kwa sababu meza ya huku inacheza.

Barua yako niliipata. Swali lako nitalijibu siku nyingine, kwa sasa nina mambo ya kufa na kupona.

Ijumaa, mazoezini, niliingia kona ya tatu kwa mwendo wangu ule ule. Mkono wa kushoto wa usukani ukaniaga. Sina namna nyingine ya kukueleza. Ni kama umemshika mtu mkono mnatembea, halafu ghafla anazimia, mkono unabaki kwako lakini mtu hayupo. Ukazunguka, ukaenda chini, pikipiki ikaelekea ilikotaka. Nilisikia mlio wa chuma kwenye lami, nikaona anga, nikaona lami, nikaona anga tena, na ukuta wa matairi ukanipokea. Suti imechanika kuanzia kiwiko mpaka mbavuni. Ngozi yako imekufa ili yangu ipone, nakushukuru wewe na huyo ng'ombe.

Sikuumia. Nimekwaruzika, na kifundo cha mkono kimevimba kidogo. Nakula vizuri.

Ila sikiliza haya. Wa kwanza kunifikia hakuwa Kocha, hakuwa daktari. Alikuwa Kimya. Alikuwa ameitupa pikipiki yake pembeni, akapiga magoti, akaniinamia anitazame machoni. Kwa nini alifika mapema hivyo? Mtu hawezi kufika mapema hivyo kama hakuwa anasubiri kitu. Halafu, walipokuwa wananibeba, nilimwona kwa jicho moja amechuchumaa kwenye pikipiki yangu, anaukwangua ule mkono wa usukani kwa ukucha. Anafuta ushahidi, Dada! Peupe!

Kocha alipoikagua akakuta bolti imelegea, inazungushwa kwa vidole. Akauliza, "Nani alimalizia hii?" Watu wote wakageuka kumtazama Kimya. Naye akasema neno moja tu, "Nilikaza." Basi. Hakujitetea, hakuapa. Kocha amemwambia akimbie mbio za Jumapili ijayo kwa sababu jina lake limeshapelekwa, halafu afunge begi.

Kitanda chake bado kinatazamana na changu. Nalala na spana chini ya mto. Akigeuka na mimi nageuka. Jana alinyoosha mkono kuchukua maji, nikaruka mpaka nikagonga dirisha. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Mimi,
Kimbunga (kimepumzika)


Dukani,
Alhamisi, 18 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye mashine. Mguu ukaendelea kukanyaga peke yake, na nilipokuja kutazama nilikuwa nimeushona mfuko wa suruali ya mteja ukafungika wote. Niliogopa kwa ajili yako. Nikaisoma mara ya pili, nikakuogopa wewe.

Kimya alikaza. Wewe ukalegeza. Ukalegeza ili upigwe picha, ukarudisha kwa mikono yako hiyo ya haraka, hukuning'inia, ukapaka dawa ya meno. Uliniandikia mwenyewe, kwa kujisifu! Na kila asubuhi watu walitazama ule mstari wako wakadhani ni wa Kimya.

Unalala na spana chini ya mto kumwogopa mtu ambaye hajakufanyia kitu. Aliyelegeza bolti analala kwenye kitanda chako, huhitaji kumtafuta mbali.

Sikuandikii ili nikuumbue. Mikono inanitetemeka hapa kama yako. Usiniambie habari ya meza. Nimekufundisha kuandika mimi, najua herufi zako zikiwa na hofu zinavyokaa.

Nenda kwa Kocha leo. Ukimaliza kuisoma hii usikunje, nenda nayo mkononi. Akikufukuza, chumba chako kipo na Mama atafurahi, hata hatauliza. Lakini yule ni baba wa mtu, anarudishwa nyumbani na jina la muuaji.

Nenda.

Dada yako


Kambini,
Jumamosi, 20 Mei, asubuhi

Dada,

Sijaenda.

Nilifika mlangoni kwa Kocha. Niliushika ule mpini wa mlango, ukazunguka mkononi kama milango yote inavyozunguka, na mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye korido. Mpini tu wa mlango! Mfagiaji akauliza kama nimedondosha kitu. Nikamwambia ndiyo.

Ulichosema ni kweli. Nilikijua tangu niko kwenye matairi, nadhani. Ningekuwa na hakika ni yeye ningelala usingizi. Spana ya chini ya mto ilikuwa ya kuniongopea mimi mwenyewe.

Sasa kuna jingine, na hili ndilo linanifanya nikuandikie haraka kabla lori halijaondoka mchana. Jana jioni Fundi alitoa shokapu za pikipiki ya Kimya kubadilisha mafuta. Akarudisha, akakaza nusu, kama kawaida yao. Kocha akaniita. Akasema, "Hupandi, lakini mikono unayo. Sheria ni sheria. Kamalizie ya mwenzako." Kimya akatolewa nje. Aliponipita aliinua nyusi, kama siku zote, kana kwamba sijafanya kitu.

Mkono wa kulia niliukaza. Nikaning'inia, ukashika. Nikauchora mstari.

Wa kushoto, Dada, ni ule ule wa kushoto. Niliweka spana kwenye bolti na kile kifundo kikaanza kucheza, spana ikawa inagonga chuma, ti ti ti ti, nikaogopa watasikia nje. Nikasema ngoja nining'inie kwanza. Sikuweza kuugusa. Niliona anga na lami. Jasho likaingia machoni. Kocha akagonga mlango, "Bado tu?" Nikachovya brashi, nikapaka mstari. Mstari mzuri, wa rangi kweli safari hii.

Leo barabara inafagiliwa, hakuna anayepanda. Mbio ni kesho asubuhi. Labda Fundi aliukaza vya kutosha. Fundi ana mikono mizito, unamkumbuka nilivyokuambia? Labda sikukuambia. Ana mikono mizito sana.

Niambie kwamba nusu inatosha.

Mimi


Dukani,
Jumamosi, 20 Mei

Haitoshi.

Naandika nimeegemea mlango wa lori, dereva hajazima injini, amekubali kunisubiri. Nimepiga simu ya ofisi ya kambi yenu mpaka sikio limepata moto, inaita tu. Dereva anasema atafika kwenu kesho kabla ya mbio kama matairi hayajamgomea. Nimemwambia akupe hii mkononi, wewe, hata kama uko chooni.

Mzuie huyo mtu asipande. Usitafute maneno mazuri. Usinawe uso kwanza. Ukishindwa kusema, lala mbele ya gurudumu lake.

Unaogopa, najua. Ogopa huku unakimbia.

Mama amesimama nyuma yangu. Ameninyang'anya barua zako zote, akavaa miwani akazisoma mwenyewe. Anasema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie akimbie na viatu, asije akakata miguu."

Kimbia!

Dada


Kambini,
Jumatatu, 22 Mei

Dada,

Nilikimbia. Na viatu nilivaa, mwambie Mama, ingawa vya kushoto vyote viwili, kimoja si changu.

Dereva wako alinikuta ninapiga mswaki, kati ya vitu vyote duniani. Akanishindilia karatasi mkononi akasema, "Dada yako amesema hata kama uko chooni." Nilisoma neno la kwanza, nikaacha bomba linatiririka.

Pikipiki zilikuwa zimeshapangwa kwenye mstari wa kuanzia. Injini zimewaka, yaani ule mlio unaousikia kwenye meno. Mlinzi akanyoosha mkono kunizuia, nikapita chini yake. Mshika bendera akanipigia kelele. Kimya alikuwa safu ya mbele, helmeti kichwani, kioo kimeshushwa. Nikasimama mbele ya gurudumu lake, na maneno, Dada, sikuwa nayo. Mimi! Mdomo huu unaoujua. Ulikuwa umejaa povu la dawa ya meno, labda ndiyo sababu.

Basi nikaurukia ule mkono wa kushoto wa usukani nikaning'inia kwa uzito wangu wote.

Ukazunguka. Mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayekubali kosa. Mstari mweupe ukakatika vipande viwili nikiuona.

Kocha alifika anapumua moto. "Nini hiki?" Nikasema, "Nilipaka rangi, sikukaza." Akasema, "Nini?" Nikasema tena kwa sauti kubwa, kwa sababu ya injini. Halafu nikaona kwa kuwa mdomo umeshafunguka niutumie, nikamwambia na ya picha, na ya dawa ya meno, na kwamba Kimya alikaza yangu sawasawa na mimi ndiye niliyelegeza. Kila nilichosema ilibidi nirudie kwa kupiga kelele. Siri zangu zote nimezitangaza kama muuza samaki. Injini zikazimwa moja moja kadiri nilivyoendelea, mpaka la mwisho nililipigia kelele watu wakiwa wametulia kabisa.

Sikulia. Vumbi lilikuwa jingi siku hiyo.

Kimya alishuka, akamwomba Fundi spana, akakaza mwenyewe, akapanda, akakimbia mbio zake. Alikuja wa tatu. Begi lake limefunguliwa.

Mimi sijafukuzwa. Kocha amesema kufukuzwa ni raha, nitapata nafasi ya kusahau. Msimu huu wote sipandi. Nitaosha minyororo ya kila pikipiki, na nitamalizia bolti za kila mtu, huku kila mtu ananitazama. Nilimwambia afadhali anipige. Akasema, "Najua."

Bado naogopa. Nilidhani nikishasema itaisha. Nikishika spana bado inagonga ti ti ti. Lakini sasa nagonga mbele za watu.

Mdogo wako


Kambini,
Alhamisi, 25 Mei

Kwa dada wa kijana,

Salamu kwako na kwa mama. Hatujuani. Mimi ndiye yule anayemwita Kimya. Nimemwambia nitakuandikia, akasema nisiandike mengi nisije nikachoka.

Siku alipoanguka niliitupa pikipiki yangu kwa sababu nilidhani amekufa. Nina mtoto wa kiume nyumbani mwenye kelele kama zake. Jambo hilo hakulijua, na mimi sikulisema.

Kuna jingine ambalo sikulisema. Nilipokwangua ule mkono wa usukani, weupe wake ulimomonyoka chini ya ukucha wangu kama chaki. Rangi yetu haimomonyoki. Nikajua siku ile ile. Nikaona nimwache aseme mwenyewe, kwamba akisema mwenyewe atakuwa mtu mzima. Nikangoja. Nilikuwa nimekaa juu ya ile pikipiki Jumapili, injini imewaka, bado nangoja. Na mimi ningesema, tusingefika pale.

Ameniambia amekuandikia kwamba hakulia. Alilia, tena sana, amening'inia kwenye usukani wangu na povu kidevuni, na hakuachia mpaka nilipomfungua vidole kimoja kimoja. Kifundo chake cha mkono kimepasuka mfupa. Alikificha. Daktari amekifunga leo, usiwe na wasiwasi.

Jioni hii Fundi alifungua shokapu zangu tena. Kocha akaleta mtu mwingine amalizie kwa sababu ya mkono wa mdogo wako. Nikasema namtaka yeye. Kwa sheria mwenye pikipiki hukaa nje, lakini Kocha ameniruhusu nibaki, nimshikie taa.

Alikaza kwa mkono mzima. Kulia, halafu kushoto. Upande wa kushoto alisimama kwanza, uso umemtoka jasho, akaenda nyuma ya gereji akatapika, akarudi. Akaning'inia. Ukashika. Nikamwambia inatosha. Akaning'inia tena, miguu haigusi chini, macho ameyafumba.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, umeshika. Inatosha."

Akasema, "Bado."

Mimi,
Kimya